Soko Halijui Ulinunua kwa Bei Gani

Kuna sentensi ambayo karibu kila aliyewahi kumiliki hisa ameitamka, kwa sauti au moyoni: "Ngoja irudi pale niliponunulia, halafu nauza." Mimi nimeitamka zaidi ya mara moja. Masikioni ni kauli ya mtu mwenye subira na mpango. Ichambue, hutaona ndani yake habari yoyote ya kampuni yenyewe: inapata faida kiasi gani, inadaiwa na nani, miaka mitano ijayo itakuwa bado na wateja au itakuwa imefunga milango. Habari iliyomo ni ya msemaji peke yake. Alinunua kwa bei fulani, bei ikashuka, na hataki kutoka akiwa amekosea.

Soko halijui ulinunua kwa bei gani. Wanaonunua leo hawaijui bei yako, na hata wangeijua isingewahusu. Hata hivyo namba hiyo iliyokwisha kupita huwaongoza wawekezaji wengi kuliko hesabu za kampuni, ripoti za wachambuzi au hotuba za magavana wa benki kuu. Makala nyingi za saikolojia ya uwekezaji huja na orodha ya makosa ya akili, kumi, ishirini, hata hamsini, kila moja na jina lake. Orodha hizo hunichosha. Nadhani ukiifuata bei ya kununulia kokote inakokwenda, utakuwa umepita karibu kwenye makosa yote yenye gharama kubwa.

Mwaka 1985 wasomi wawili wa fedha, Hersh Shefrin na Meir Statman, walitoa hoja kwamba wawekezaji huwa wepesi wa kuuza hisa zilizopanda na wazito wa kuuza zilizoshuka. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 1998, Terrance Odean alipochambua akaunti 10,000 za wateja wa kampuni moja ya udalali wa hisa nchini Marekani, kuanzia 1987 hadi 1993. Kipimo chake kilikuwa rahisi. Kila siku ambayo mteja aliuza chochote, Odean aliangalia hisa zote alizokuwa nazo, akauliza: kati ya zile zenye faida ameuza sehemu gani, na kati ya zile zenye hasara ameuza sehemu gani? Jibu lilikuwa asilimia 14.8 kwa zenye faida na asilimia 9.8 kwa zenye hasara. Nafasi ya hisa yenye faida kuuzwa iliizidi ile ya hisa yenye hasara kwa nusu nzima.

Mtu anaweza kuwatetea: pengine walijua zilizoshuka zingeinuka. Odean alilipima na hilo. Katika mwaka uliofuata, hisa walizouza kwa faida zilizipita zile za hasara walizobakiza kwa wastani wa pointi 3.4 za asilimia. Waliuza nafaka, wakatunza makapi.

Kwa nini? Maelezo yaliyozoeleka yanatoka kwa wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky, waliochapisha nadharia yao ya matarajio mwaka 1979. Kahneman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996, na tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu. Walisema binadamu hapimi mali kwa jumla aliyonayo. Huchagua mahali pa kuanzia, kisha kila kilicho juu ya hapo ni faida na kila kilicho chini yake ni hasara. Walisema pia kwamba kupoteza huuma kuliko kupata kunavyofurahisha. Katika makadirio yao ya mwaka 1992, uchungu uliizidi furaha kwa mara 2.25. Sehemu hiyo imenukuliwa sana hadi imekuwa kama wimbo. Inayosahaulika ni ya tatu: akiwa upande wa faida mtu huwa mwoga, anataka kuweka kibindoni alichokipata; akiwa upande wa hasara hugeuka mcheza kamari, tayari kuhatarisha zaidi ilimradi arudi alipoanzia.

Kwa mwekezaji, mahali pa kuanzia ni bei aliyonunulia. Kwa hiyo mtu yule yule, siku ile ile, anakuwa mwoga kwenye hisa moja na jasiri wa kupindukia kwenye nyingine, na tofauti pekee kati ya hisa hizo mbili ni historia yake binafsi.

Maelezo haya yalinitosha kwa muda mrefu. Kisha nikasoma utafiti wa Tom Chang, David Solomon na Mark Westerfield, uliochapishwa mwaka 2016, na mambo yakawa magumu zaidi, na matamu zaidi. Walilinganisha wawekezaji walionunua hisa wenyewe na jinsi wawekezaji wanavyoshika vipande vya mifuko ya uwekezaji inayoendeshwa na mameneja. Kwenye hisa walikuta yale yale ya Odean. Kwenye mifuko walikuta kinyume chake: iliyoshuka ndiyo iliyouzwa upesi.

Tafakari hilo. Kama kikwazo kingekuwa uchungu wa fedha tu, fedha iliyopotea kwenye mfuko ingeuma sawa na iliyopotea kwenye hisa, na watu wangeng'ang'ania vyote viwili. Tofauti ni kwamba kwenye mfuko kuna meneja. Hasara ikitokea ni kosa lake. Unatupa jongoo na mti wake, unalala usingizi wako. Kwenye hisa uliyoichagua mwenyewe, baada ya kusoma na kujisifu mbele ya watu, wa kulaumiwa ni mmoja. Ndipo nilipoanza kuamini kwamba mwekezaji anayesubiri bei irudi analinda kitu kingine kuliko fedha zake. Fedha zimeshakwenda, thamani ya hisa ni ile inayoonekana leo, auze asiuze. Anacholinda ni picha yake ya mtu anayejua kuchagua. Hasara ambayo bado iko kwenye karatasi inaweza kuitwa "bado". Ikishauzwa inaitwa kosa.

Hapa ndipo hatari inapokua, maana kosa lisilokiriwa halikai kimya. Mfano uliokomaa kuliko yote ni wa Nick Leeson, mfanyabiashara wa Barings, benki iliyoanzishwa London mwaka 1762. Kuanzia 1992, akiwa Singapore, alikuwa anaficha hasara katika akaunti iliyopewa namba 88888. Mwisho wa mwaka huo hasara ilikuwa takriban pauni milioni 2. Mwisho wa 1993 ilikuwa milioni 23, na mwisho wa 1994 milioni 208. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi lilipiga Kobe, soko la hisa la Japani likayumba, na Leeson, ambaye dau lake lilitegemea utulivu na kupanda kwa fahirisi ya Nikkei, yaani kipimo cha bei za hisa za Japani, akanunua zaidi. Mwisho wa Februari hasara ilikuwa pauni milioni 827, Barings ikafa, na mabaki yake yakauzwa kwa ING ya Uholanzi kwa pauni moja.

Leeson alikuwa mdanganyifu na alifungwa kwa hilo. Lakini ukiondoa udanganyifu, mkondo wa namba zile ni mkondo wa mwekezaji wa kawaida anayesema "nitanunua nyingine nishushe wastani wa bei niliyonunulia." Kila hatua ilikuwa jaribio la kurudi sifuri. Mtu aliyepoteza milioni 2 hakukusudia kupoteza milioni 827. Alikusudia kufuta milioni 2.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwenye masomo, ndoa au ujenzi wa nyumba, methali hii imewashika mkono wengi waliokuwa wanakata tamaa. Kwenye uwekezaji ni sumu. Aliyevua nguo kisha akaona maji ni machafu ana ruhusa kamili ya kuzivaa tena, na hakuna anayemtazama ila yeye mwenyewe.

Kuna watakaosema dawa ya yote haya ni elimu. Siamini sana. Isaac Newton alikuwa msimamizi wa kiwanda cha sarafu za Uingereza, mtu aliyezijua fedha na hesabu kuliko karibu wote wa zama zake. Mwaka 1720 hisa za Kampuni ya South Sea zilianza Januari zikiwa karibu pauni 128. Newton alikuwa nazo, akaziuza mapema kwa faida nono. Bei ikaendelea kupaa bila yeye, hadi ikakaribia pauni 1,000 wakati wa kiangazi. Akarudi kununua karibu na kilele. Kabla ya mwaka kuisha bei ilikuwa imeporomoka na sehemu kubwa ya fedha alizorudisha humo ilikuwa imepotea.

Kisa chake husimuliwa kama hadithi ya tamaa. Mimi naona ndugu pacha wa bei ya kununulia: bei ya kuuzia. Newton alishapata faida. Kwa hesabu ya mali yake alikuwa mshindi. Ila mahali pa kuanzia palishahama. Kila siku bei ilipopanda juu ya ile aliyouzia, alijiona anapoteza fedha ambazo hakuwahi kuwa nazo. Wawekezaji wengi hukutana na maumivu haya na kuyashughulikia kwa njia ya pili: utafiti wa Michal Strahilevitz, Odean na Brad Barber wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watu hukwepa kununua tena hisa iliyopanda baada ya wao kuiuza, hata kama ingefaa, kwa sababu kuinunua ni kukubali kwamba waliuza vibaya. Mmoja anakimbilia, mwingine anakimbia. Wote wawili wanaongozwa na bei ya zamani.

Ama wataalamu wa siku hizi, wenye kompyuta na timu za wachambuzi? Alex Imas na wenzake walichunguza maamuzi ya mameneja wa fedha za taasisi, watu wanaosimamia mamia ya mamilioni ya dola, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023. Walikuta kwamba kwenye kununua mameneja hawa walionyesha ujuzi wa kweli. Kwenye kuuza walifanya vibaya kuliko ambavyo wangefanya kama wangefumba macho na kuuza hisa nyingine yoyote waliyokuwa nayo. Kununua walikupa utafiti na vikao. Kuuza walikufanya harakaharaka, wakizikimbilia zile zilizopanda sana au kushuka sana tangu wazinunue, yaani zile ambazo umbali wake na bei ya kununulia unapiga kelele. Sijui matokeo mengine ya kitaaluma yanayostahili kubandikwa ukutani kuliko haya.

Na kabla hatujawacheka, tumkumbuke Harry Markowitz. Mwaka 1952 aliandika makala iliyoanzisha hesabu za kisasa za kugawa mtaji kati ya uwekezaji mbalimbali, na mwaka 1990 ikampa Nobel. Alipoulizwa baadaye aligawaje akiba yake mwenyewe ya uzeeni, alieleza kwamba hakutumia hesabu zake. Alijiona akilia soko likipanda naye hayumo, akajiona akilia soko likianguka naye yumo mzimamzima, akaamua nusu iwe hisa na nusu iwe hatifungani, yaani mikopo yenye riba kwa serikali au kampuni. Majuto ni mjukuu, na mzee huyo aliamua kumzuia asizaliwe. Watu humtaja ili kuonyesha unafiki wa wasomi. Mimi naona kinyume: yeye alijua udhaifu wake ungempeleka wapi, akaujengea uzio mapema, akiwa bado hana namba yoyote nyekundu ya hasara ya kumtisha.

Namba nyekundu zinahitaji aya zao, kwa sababu hapo ndipo zama zetu zimeharibu mambo. Mwaka 1963 mchumi Paul Samuelson alisimulia jinsi alivyompa mwenzake wa kazini dau: turushe sarafu, ukishinda nakupa dola 200, ukishindwa unanipa 100. Mwenzake akakataa, akisema angehisi uchungu wa zile 100 kuliko utamu wa 200. Ila akaongeza kwamba kama wangerusha mara 100 angekubali. Alikuwa na hoja: mara moja ni kubahatisha, mara mia karibu ni uhakika. Mwekezaji yuko katika hali hiyo hiyo. Hisa kwa siku moja ni kama sarafu, kwa miaka ishirini ni jambo jingine. Swali ni lini anafungua jicho.

Shlomo Benartzi na Richard Thaler waliligeuza swali hilo kuwa hesabu mwaka 1995. Kama hasara huuma takriban mara mbili, na historia ya masoko ya Marekani ndiyo ile, mtu anatazama akaunti yake kila baada ya muda gani hadi hisa na hatifungani zimvutie sawasawa? Walipata karibu mwaka mmoja. Anayetazama mara nyingi zaidi huziona hisa kuwa za kutisha, maana hukutana na hasara nyingi ndogo ambazo anayetazama mara chache hazioni kabisa. Miaka miwili baadaye Thaler, Tversky, Kahneman na Alan Schwartz walilijaribu jambo hili kwa majaribio ya maabara. Walioonyeshwa matokeo ya kila "mwezi" waliishia kuweka karibu asilimia 40 kwenye hisa. Walioonyeshwa ya kila "mwaka" waliweka karibu asilimia 70. Uwekezaji ulikuwa ule ule. Kilichotofautiana ni idadi ya mara walizochungulia.

Sasa chukua simu yako. Programu za biashara ya hisa huonyesha bei kila sekunde, kijani na nyekundu, na pembeni ya kila hisa kuna namba moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa: umepanda au umeshuka kiasi gani tangu ununue. Yaani ile namba ambayo soko haliijui ndiyo iliyopewa kiti cha mbele. Kampuni ya Robinhood ilikuwa hata na karatasi za rangi zinazomwagika kwenye kioo mtumiaji anapofanya muamala wa kwanza, hadi ilipoziondoa Machi 2021 baada ya kulaumiwa kwamba inageuza uwekezaji kuwa mchezo. Karatasi zimeondoka. Namba imebaki, na kwa maoni yangu namba ndiyo yenye madhara zaidi.

Anayechungulia sana huuza na kununua sana pia. Barber na Odean walifuatilia kaya 66,465 kuanzia 1991 hadi 1996: soko lilipata asilimia 17.9 kwa mwaka, na kaya zilizofanya miamala mingi kuliko wengine zikapata asilimia 11.4. Katika utafiti mwingine, wa mwaka 2001, walikuta wanaume wanafanya miamala kuliko wanawake kwa asilimia 45, na kujipunguzia faida zaidi yao. Nitaiacha hapo, wanaume wenzangu wamenielewa.

Kundi nalo lina nafasi yake, ingawa sidhani linafanya kazi kwa namna inayosimuliwa. Tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya Dow Jones iliporomoka asilimia 22.6 kwa siku moja. Katika siku zilizofuata Robert Shiller aliwatumia wawekezaji madodoso akiwauliza walikuwa wanafikiri nini. Hakukuta habari moja iliyowashtua wote. Kikubwa walichokuwa wanakifikiria ni kushuka kwa bei kwenyewe. Bei ilishuka kwa sababu bei ilikuwa inashuka. Na upande wa pili wa shilingi, mwezi Januari 2021 Elon Musk aliandika kwamba watu watumie Signal, akimaanisha programu ya ujumbe. Hisa za Signal Advance, kampuni ndogo isiyohusiana kabisa na programu hiyo, zikatoka senti 60 hadi dola 38.70 ndani ya siku chache. Wapo waliocheka kwamba wanunuzi walikosea jina. Wengine, nina hakika, walijua ni jina tu, wakanunua wakitegemea kuwauzia wasiojua.

Ukifika hapa ni rahisi kuhitimisha kwamba hisia ndizo adui, tuziondoe. Kuna hata utafiti unaoonekana kuunga mkono hilo. Mwaka 2005 Baba Shiv na wenzake, akiwemo daktari wa ubongo Antonio Damasio, waliwapa watu dola 20 na mchezo wa raundi 20. Kila raundi unaamua: baki na dola yako, au iweke kwenye kurusha sarafu, ukishindwa imekwenda, ukishinda unapata dola 2.50. Kwa wastani dola inayowekwa hurudi ikiwa dola 1.25, kwa hiyo mwenye akili timamu anapaswa kuweka kila raundi. Watu wenye afya waliweka katika asilimia 57.6 ya raundi, wakamaliza na wastani wa dola 22.80. Wagonjwa waliokuwa na majeraha katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia waliweka katika asilimia 83.7, wakamaliza na dola 25.70. Hasa baada ya kupoteza raundi, wenye afya walirudi nyuma. Wagonjwa waliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Vichwa vya habari vilijiandika vyenyewe: ubongo ulioumia hushinda sokoni. Ila wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wamechunguzwa kabla, katika mchezo wa karata ulioripotiwa na Antoine Bechara na wenzake mwaka 1994. Humo kulikuwa na mafungu yenye malipo makubwa na adhabu kubwa zaidi. Wenye afya walianza kuyakwepa baada ya kuumia mara kadhaa. Wagonjwa waliendelea kuyachagua. Mchezo wa kwanza ulikuwa umetengenezwa hivi kwamba hofu haina kazi. Mchezo wa pili hofu ilikuwa na kazi. Masoko yana michezo yote miwili na hakuna anayekuambia leo uko kwenye upi. Mwekezaji asiye na hofu kabisa ndiye mteja anayesubiriwa na kila tapeli.

Kwa hiyo sitafuti mwekezaji wa chuma. Natafuta njia za kuiondoa bei ya kununulia mezani, na hapa utafiti una mambo ya kutia moyo. Cary Frydman na Antonio Rangel, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2014, walipunguza tu jinsi bei ya kununulia inavyoonekana kwenye skrini, na tabia ya kung'ang'ania hasara ikapungua. Hawakumfundisha mtu chochote. Frydman, Samuel Hartzmark na Solomon wakaongeza jingine mwaka 2018: mwekezaji anayeuza hisa na papo hapo kununua nyingine huacha kabisa kuonyesha ule ugumu wa kuuza kwa hasara. Akilini mwake hajafunga hesabu, ameihamisha. Kosa halijaandikwa, safari inaendelea kwa gari jingine. Ni ujanja wa kujidanganya, nakubali, ila ni ujanja unaokutoa kwenye hisa mbovu.

Mimi hutumia swali: kama leo ningekuwa na fedha taslimu badala ya hisa hii, ningeinunua kwa bei ya sasa? Jibu likiwa hapana, sina sababu ya kuwa nayo isipokuwa gharama za kuuza na kodi. Swali hili si langu na si jipya. Ugumu wake ni kwamba linafanya kazi pale tu unapokumbuka kuliuliza, na siku hisa inaposhuka ndiyo siku usiyokumbuka. Wengine hupendelea kuweka amri ya kuuza kiotomatiki bei ikifika kiwango fulani. Nina shaka nayo. Tarehe 6 Mei 2010 soko la Marekani lilianguka na kuinuka ndani ya dakika chache, na amri za namna hiyo ziliuza hisa za watu kwa bei za kichekesho. Tena ukiitazama vizuri, amri ya "uza ikishuka asilimia 10 tangu ninunue" imejengwa juu ya bei ile ile ya kununulia. Imebadili upande tu.

Nimeacha jambo moja la data za Odean hadi sasa. Ni Desemba. Kwa miezi kumi na mmoja wawekezaji wale walishikilia hasara zao kama nilivyoeleza. Desemba mambo yaligeuka: waliuza asilimia 12.8 ya hisa zenye hasara na asilimia 10.8 tu ya zenye faida. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu kutumia hasara aliyouza kupunguza kodi yake, na mwaka wa kodi unaisha Desemba. Ila nafuu hiyo ilikuwepo Machi, ilikuwepo Juni, ilikuwepo Oktoba. Hisa zilikuwa zile zile na bei za kununulia zile zile. Kilichokuja na Desemba ni kwamba mtu aliweza kuuza kwa hasara, na akiulizwa na mwenzake, dalali wake au nafsi yake, akajibu kwamba alikuwa anapanga mambo ya kodi.